Kuliona goti likiwa mwendoni: kipimo kipi kabla ya upasuaji?

Mgonjwa analala chali, goti limenyooka, ametulia kama maji mtungini. Mashine inamaliza kazi, ripoti inatoka: hakuna kilichochanika. Kesho yake anashuka ngazi na goti linamtoka vilevile kama lilivyomtoka mwezi uliopita. Anarudi kwa daktari akiwa na maumivu, na juu ya maumivu ana hofu ya kuonekana mwongo.

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Picha imeeleza goti lililolala. Mgonjwa anaeleza goti linalotembea. Uamuzi wa kupasua ukiegemea picha ya goti lililolala peke yake, upo uwezekano wa kutengeneza kisichoharibika na kukiacha kinachosumbua. Jambo hili linaniuma, kwa sababu goti lililofunguliwa bila sababu halirudi kuwa kama lilivyokuwa.

Goti si bawaba ya mlango. Mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi kwa wakati mmoja, na upande wake wa nje hurudi nyuma zaidi kuliko wa ndani, hivyo kila goti linapokunjwa muundi huzunguka kidogo kuelekea ndani. Likinyooshwa, katika nyuzi 20 hivi za mwisho, muundi hujizungusha kwenda nje na goti hukaza kama skrubu iliyofika mwisho. Meniska, vile vikingio viwili vilivyo kati ya mifupa hiyo, nazo husafiri: goti likikunjwa zinasogea nyuma, ile ya nje zaidi ya ile ya ndani. Pia ya goti, yaani kilegesambwa, huelea juu ya mfereji wake ulio mwisho wa mfupa wa paja mguu ukiwa umenyooka, kisha huingia ndani ya mfereji huo kwenye nyuzi 20 hadi 30. Mwaka 1983 watafiti Grood na Suntay walipendekeza namna ya kuieleza miendo hii yote kwa mizunguko mitatu na misogeo mitatu, na utafiti mwingi wa mwendo wa goti bado unaitumia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza mashine ipi, uliza goti hili linakosea wakati gani. Kwenye nyuzi ngapi? Likiwa limebeba mwili au limening'inia? Misuli ikiwa inavuta au imelegea? Kipimo kinachofaa ni kile kinachoweza kumfikisha mgonjwa kwenye wakati huo na kuunasa.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia nimeipima kwa mambo matano yaleyale. Kwanza, kinachoonekana: mifupa tu, au pamoja na ligamenti (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa), meniska na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa). Pili, mwendo na mzigo: goti linasogezwa na nani, kwa kasi gani, na kama limebeba uzito wa mwili. Tatu, kiasi cha kuamini, maana yake makosa ya kipimo chenyewe. Nne, athari na usumbufu, yaani mionzi, maumivu, nusukaputi na muda. Tano, anayefaa. Kigezo cha pili ndicho kinachosahaulika sana, nami ndicho ninachokipa uzito mkubwa.

Eksirei ya mkazo

*Kinachoonekana.* Mifupa na nafasi iliyo kati yake. Ligamenti yenyewe haionekani. Unaisoma kwa jinsi mifupa inavyoachana inaposukumwa.

*Mwendo na mzigo.* Hakuna mwendo halisi hapa. Kuna picha ya goti lililosukumwa hadi mwisho wa ulegevu wake, ama kwa mkono, ama kwa kifaa chenye nguvu inayojulikana, ama kwa mgonjwa kupiga magoti juu ya kiti maalumu ili uzito wake usukume muundi nyuma.

*Kiasi cha kuamini.* Hapa njia hii hushangaza wanaoidharau kwa uzee wake. Kwa ligamenti mtambuka ya nyuma, tofauti inayozidi milimita 8 kati ya goti bovu na goti zima huashiria kukatika kabisa, na ikizidi milimita 12 unaanza kushuku kwamba kona ya nyuma ya upande wa nje, yaani kundi la ligamenti za hapo, nayo imeumia. Goti likisukumwa lifunguke upande wa nje huku limekunjwa nyuzi 20, ongezeko la milimita 2.7 hivi huelekeza kwenye ligamenti ya pembeni ya nje, na la milimita 4 au zaidi kwenye kona nzima. Namba hizi huamua kama mtu atatengenezewa ligamenti moja au tatu. Sharti lake ni kwamba magoti yote mawili yapigwe picha kwa pembe ileile na nguvu ileile. Mgonjwa aliyekaza misuli kwa maumivu hulifanya goti bovu lionekane zima.

*Athari na usumbufu.* Mionzi ni kidogo. Maumivu yapo, hasa jeraha likiwa bichi.

*Anayefaa.* Aliyeumia ligamenti ya nyuma au za pembeni, na yule mwenye goti bandia linaloyumba upande mmoja. Kwa pia ya goti inayotoka mahali pake, msaada wake ni mdogo.

Fluoroskopi

*Kinachoonekana.* Eksirei inayotembea kama video. Mifupa na vipandikizi vya chuma vinaonekana vizuri, tishu laini hazionekani.

*Mwendo na mzigo.* Hapa ndipo fluoroskopi inapozishinda nyingi: mgonjwa anaweza kusimama, kuchuchumaa, kupanda kidaraja, hata kukimbia kwenye mashine ya mazoezi ikiwa maabara inaruhusu. Misuli yake mwenyewe ndiyo inayofanya kazi na uzito ni wake mwenyewe.

*Kiasi cha kuamini.* Tofautisha aina mbili. Ya upande mmoja ina kamera moja ya mionzi: msogeo ulio sambamba na picha unapimika vizuri, lakini mfupa unaposogea kuelekea kamera au kuikimbia, au unapojizungusha, kosa linaongezeka. Ya pande mbili hupiga kwa wakati mmoja kutoka pembe mbili, kisha programu hulinganisha vivuli hivyo na umbo la mifupa ya mgonjwa huyohuyo lililotengenezwa kutoka CT skani yake. Kosa lake huwa chini ya milimita 1, na inaweza kunasa picha zaidi ya 100 kwa sekunde. Ni njia hii iliyoonyesha kwamba goti lililowekewa ligamenti mpya ya mbele linaweza kuonekana imara mezani, ilhali mgonjwa akikimbia muundi bado unazunguka isivyo kawaida. Mtu hawezi kulijua hilo kwa kulivuta goti kwa mkono.

Babu wa njia hii ni kipimo cha Göran Selvik wa Lund, Sweden, cha miaka ya 1970, ambapo vipunje vya madini ya tantalumu hupandikizwa mfupani na kufuatiliwa kwa eksirei mbili. Bado kinatumika kufuatilia kama goti bandia linalegea, kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. Si kipimo cha kumwagizia mgonjwa wa kawaida, kwani vipunje lazima viwekwe kwa upasuaji.

*Athari na usumbufu.* Mionzi inaendelea kadiri video inavyoendelea, kwa hiyo muda lazima uwe mfupi na zoezi lifanyiwe majaribio kabla ya mashine kuwashwa. Ile ya pande mbili huhitaji CT skani pia, na saa nyingi za mtaalamu kulinganisha vivuli. Ndiyo maana iko zaidi kwenye vituo vya utafiti kuliko wodini.

*Anayefaa.* Mwenye goti bandia linalouma au kutetereka anapoinuka kitini, na mgonjwa ambaye tatizo lake hujitokeza akibeba uzito tu. Vyumba vingi vya upasuaji wa mifupa vina mashine ya upande mmoja. Kwa swali rahisi la ndiyo au hapana, kwamba je mfupa unaruka au hauruki, mara nyingi hiyo inatosha.

CT skani ya mwendo

*Kinachoonekana.* Mifupa katika umbo lake kamili la pande tatu, ikisogea.

*Mwendo na mzigo.* Mashine zenye kipokezi cha upana wa sentimita 16 hulimeza goti lote kwa mzunguko mmoja bila kusogeza meza. Mgonjwa amelala, miguu imening'inia kwenye mto, ananyoosha na kukunja polepole huku mashine ikirudia kupiga. Misuli inavuta, hilo ni jema. Ila hajasimama, na akienda haraka picha huchafuka.

*Kiasi cha kuamini.* Kwa pia ya goti, hapa nadiriki kusema sijaona njia inayoeleza vizuri zaidi. Wagonjwa wengi ambao pia yao hutoka huiona ikikimbilia nje katika nyuzi za mwisho za kunyoosha, ikichora njia kama herufi J iliyopinduliwa. CT ya mwendo huonyesha pia ya goti inaacha mfereji kwenye nyuzi ngapi, imeinama kiasi gani, na kama mfereji wenyewe ni bapa. Vilevile inaonyesha kitu ambacho picha tuli huficha. Umbali kati ya kinundu cha muundi na sakafu ya mfereji, ambao ukizidi milimita 20 huhesabiwa kuwa mkubwa na huweza kuelekeza kwenye upasuaji wa kuhamisha kinundu, haubaki vilevile. Goti likikunjwa unapungua. Anayeupima goti likiwa limekunjwa kidogo na anayeupima limenyooka kabisa watapata majibu mawili kwa mguu mmoja, na mgonjwa anaweza kukatwa mfupa au kutokatwa kwa sababu ya mto uliowekwa chini ya goti lake.

*Athari na usumbufu.* Mionzi ipo, ila goti liko mbali na viungo vinavyodhurika haraka, na kipimo chenyewe huisha kwa sekunde chache. Kwa mtoto tafakari mara mbili.

*Anayefaa.* Anayepangiwa upasuaji wa pia ya goti, hasa aliyewahi kufanyiwa na tatizo likarudi.

MRI ya mwendo

*Kinachoonekana.* Karibu kila kitu: ligamenti, meniska, gegedu, mafuta yanayobanwa chini ya pia, na majimaji ndani ya mfupa uliogongwa. Katika kigezo hiki hakuna inayoikaribia.

*Mwendo na mzigo.* Hapa ndipo penye ufinyu. Tundu la mashine ya kawaida lina kipenyo cha sentimita 60 au 70, kwa hiyo goti haliwezi kukunjwa sana na mtu amelala. Zipo mashine za wazi ambamo mgonjwa husimama au kuchuchumaa, lakini sumaku yake ni dhaifu, karibu tesla 0.5 dhidi ya 1.5 au 3 ya zile za kawaida, na picha huchukua muda zaidi. Aina moja ya video ya MRI hukusanya vipande kutoka kwenye mwendo unaorudiwa mara nyingi. Mgonjwa asiporudia mwendo uleule, au goti likimkwama mara moja kati ya kumi, tukio linapotea ndani ya wastani.

*Kiasi cha kuamini.* Kikubwa kwa tishu, cha wastani kwa mwendo. Kuna ujanja ambao hauhitaji mashine mpya: kupiga picha goti likiwa katika mkao unaolikosesha. Meniska ya nje iliyolegea mishikizo yake ya nyuma huweza kuonekana nzima kabisa goti likiwa limenyooka, kisha ikaonekana imeruka mbele goti likiwa limekwama. Mchaniko wa meniska ya ndani kwenye ukingo wake wa nyuma, unaoambatana na kukatika kwa ligamenti mtambuka ya mbele ambayo wachezaji wa mpira huiita ACL, nao hujifunga goti linaponyooshwa, ndiyo maana MRI ya kawaida huukosa mara kwa mara.

*Athari na usumbufu.* Hakuna mionzi. Kuna kelele, kukaa kwa muda, hofu ya kufungiwa kwa baadhi ya watu, na vizuizi kwa wenye vifaa fulani vya chuma au vya umeme mwilini. Goti bandia huharibu picha iliyo jirani nalo.

*Anayefaa.* Kijana au mtoto mwenye tatizo la pia, na mtu ambaye swali lake ni nini kinabanwa, si mfupa unakwenda wapi tu.

Ultrasaundi

*Kinachoonekana.* Kano, ligamenti za pembeni, ukingo wa nje wa meniska, na maji. Ligamenti mtambuka na sehemu za ndani zimejificha nyuma ya mfupa.

*Mwendo na mzigo.* Uhuru mkubwa. Mgonjwa anasimama, anakunja, anarudia hasa lile linalomuuma, na mpimaji anaangalia papo hapo. Kano inayoruka juu ya mfupa kwa mlio inaonekana ikiruka. Meniska inayosukumwa nje ya kiungo inaweza kupimwa mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu mshikizo wake.

*Kiasi cha kuamini.* Inategemea mkono na jicho la mpimaji. Wapimaji wawili wanaweza kutofautiana, na video isiporekodiwa, daktari wa upasuaji hubaki na maneno tu.

*Athari na usumbufu.* Karibu hakuna.

*Anayefaa.* Mwenye mlio au kuruka kwa kitu kinachoguswa kwa kidole, mtoto, na asiyeweza kuingia kwenye MRI.

Maabara ya mwendo kwa kamera

*Kinachoonekana.* Mwili mzima ukitembea. Ndani ya goti hakuonekani kitu.

*Mwendo na mzigo.* Wa kweli kuliko njia zote: kutembea, kuruka, kugeuka ghafla. Mabamba ya sakafuni hupima nguvu inayopita mguuni kila hatua.

*Kiasi cha kuamini.* Kukunja na kunyoosha hupimwa vizuri. Tatizo ni ngozi. Alama zinazobandikwa pajani husogea juu ya mfupa kwa sentimita nzima au zaidi, kwa hiyo mizunguko midogo ya muundi na misogeo ya milimita kadhaa haiaminiki. Vipima mwendo vidogo vinavyofungwa mguuni kwa mkanda vina udhaifu uleule.

*Athari na usumbufu.* Hakuna mionzi wala maumivu, ila huchukua muda wa kutosha kuandaa na kuchambua.

*Anayefaa.* Mwenye miguu iliyopinda na gegedu la ndani linaloisha, ambaye anafikiriwa kukatwa na kunyooshwa mfupa. Pia mchezaji aliyetengenezewa ligamenti na anayetaka kujua kama bado anaukwepa mguu wake. Asitumwe huko mtu unayemtafutia mchaniko.

Uchunguzi chini ya nusukaputi, pamoja na athroskopia

*Kinachoonekana.* Kiungo chenyewe, kwa jicho: athroskopia ni kuchungulia ndani ya kiungo kwa kifaa chembamba kinachopitishwa kwenye tundu dogo. Kenji Takagi alichungulia ndani ya goti la maiti mwaka 1918, na Masaki Watanabe akakata kipande cha meniska kupitia kifaa cha aina hiyo mwaka 1962. Leo ni kazi ya kila siku.

*Mwendo na mzigo.* Daktari ndiye anayelisogeza goti, na misuli imelala. Hiyo ni faida na hasara. Kipimo cha kuuruhusu muundi uteleze mbele kisha urudi ghafla goti linapokunjwa hukataa kabisa kwa mgonjwa aliye macho na anayejihami, lakini akilala huonekana wazi. Kwa upande mwingine, pia ya goti inayovutwa vibaya na misuli haiwezi kueleweka misuli ikiwa haifanyi kazi.

*Kiasi cha kuamini.* Kikubwa kwa mchaniko na ulegevu. Ule mchaniko wa ukingo wa nyuma wa meniska hupatikana hapa, mradi daktari apeleke kamera nyuma na asiishie mbele.

*Athari na usumbufu.* Ni upasuaji, una hatari za upasuaji.

*Anayefaa.* Ambaye ameshafikia uamuzi wa kutengenezwa. Kwa mtu wa kutafutiwa tu tatizo, naona ije mwisho, baada ya hizo nyingine kushindwa.

Uanzie wapi, kulingana na hali

Goti linalotoka wakati wa kugeuka, ACL ikishukiwa: mikono ya mchunguzi mzoefu na MRI ya kawaida hutangulia. Vikipingana, uchunguzi chini ya nusukaputi siku ileile ya upasuaji ndio unaoamua, na mgonjwa aelezwe kabla hajalala kwamba mpango unaweza kubadilika.

Ligamenti ya nyuma au zaidi ya moja: eksirei ya mkazo, magoti yote mawili, hata kama MRI ipo tayari. MRI ya jeraha la zamani inaweza kuonyesha ligamenti ya nyuma iliyoungana, na isiseme kwamba imeungana ikiwa ndefu.

Pia ya goti inayotoka: CT ya mwendo kwa mtu mzima anayepangiwa kukatwa mfupa; MRI, ikiwezekana ya mwendo, kwa ambaye bado anakua. Zote mbili zikikosekana, CT ya kawaida yenye picha mbili, misuli ya paja ikiwa imekazwa na ikiwa imelegezwa, inakusogeza mbali kuliko picha moja.

Goti linalokwama huku MRI ikiwa safi: mrudishe MRI akiwa katika mkao wa kukwama kama anaweza kuuleta kwa hiari, au ultrasaundi akirudia tendo. Yasipotoka majibu na kukwama ni kwa kweli, kunakozuia goti kunyooka, athroskopia ina haki yake.

Goti bandia linalouma: eksirei ya kusimama na ya mkazo kwanza, CT kuona kama vipande vimezungushwa vibaya, kisha fluoroskopi kwa yule anayetetereka katikati ya kukunja. Maambukizi yawe yameondolewa shaka kabla ya hayo yote. Goti lenye usaha nalo hulegea.

Mguu uliopinda na gegedu la upande mmoja: eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama ndiyo msingi, maabara ya mwendo ikipatikana iongezwe.

Na pale penye mashine moja tu ya eksirei, piga picha ya magoti yote mawili, mgonjwa akiwa amesimama na magoti yakiwa yamesukumwa, kisha mrekodi mgonjwa kwa kamera ya simu, kwa ridhaa yake, akishuka ngazi. Nimeona video kama hizo zikibadilisha mawazo ya madaktari.

Chochote unachoagiza, fomu isiishie kwenye neno "maumivu ya goti." Andika pembe ambayo tatizo hutokea, andika kama ni akiwa amebeba uzito au la, andika tendo lenyewe: "huruka kwenye nyuzi 20 hivi, akinyoosha mwenyewe kutoka kukaa." Fundi wa mionzi akisoma hivyo anajua mto auweke wapi.